Kanuni ya Pili

Damu nzito kuliko maji, husemwa.
Si Duluth, si Februari.
Huku maji ya ziwa yamebeba pikapu mbili na kibanda cha wavuvi,
na damu anayoitafuta Ingrun Tollefsrud
haijui hata kuganda.

Amepewa madai ya bima ya watu milioni sita.
Na kanuni: ugonjwa uwe umeandikwa mara mbili,
siku thelathini katikati,
na dawa ya kugandisha iwe imelipiwa.
Anabonyeza. Wanajitokeza mia mbili na kumi na wawili,
karibu wote wanaume, wote na daktari bingwa wao.
Kanuni imewapata waliokwisha kupatikana.

Basi anauliza swali la jikoni:
nani hulipiwa pua?

Mstari mmoja unamkalia machoni.
Mwanamke. Jina limefutwa, mtaa umefutwa.
Machi, damu puani, chumba cha dharura.
Julai, kung'oa jino.
Julai, usiku wa pili, jino lile lile.
Vidonge vya madini ya chuma, miaka kumi na mmoja bila kukosa.
Kujifungua, na chupa nne za damu ya watu wengine.
Akiwa na thelathini na moja, kizazi kikatolewa.
Sababu: hedhi nzito.
Bima ikalipa asilimia themanini.

Kila bili ni shahidi mkweli
aliyechungulia dakika moja akaenda zake.

Bibi yake Ingrun, Borghild, alinunua taulo nyeusi tu.
"Wanawake wa kwetu tuna damu nyingi," alisema,
kama mtu anayetaja mashamba.

Msimbo wa posta umebaki tarakimu tatu. Ni za hapa hapa.
Ingrun alitia saini kwamba hatamtafuta mtu yeyote,
na saini ni saini.
Lakini saa sita, kwenye foleni ya supu,
anatazama midomo ya wanawake, ipi imepauka,
kisha anaona haya, anatazama trei.

Anaandika kanuni ya pili. Haidai jina la ugonjwa;
inadai pua, jino, uzazi, chuma, vikutane ndani ya mtu mmoja.
Wanatoka elfu moja mia tatu na arobaini.
Wamo wasiohusika: mzee wa dawa za moyo,
na mtoto aliyesukuma shanga puani, mara tatu, mwaka mmoja.

"Usahihi?" anauliza Kuusisto, mkuu wa kitengo.
"Sitini na moja kwa mia."
"Ile ya kwanza ilikuwa tisini na sita."
"Ile iliwauliza wenye majibu."
Kuusisto anafunga kalamu, anaifungua tena.
Italetwa kikaoni Aprili, barafu ikipasuka.

Ijumaa madai mapya yanaingia.
Ule mstari umerefuka kidogo:
damu puani, chumba cha dharura, saa nane usiku.
Dola elfu moja na mbili.
Imelipwa.