Siku Ishirini na Sita

Mimi si daktari. Mimi ni karani wa vitanda
katika hospitali moja ya Kuopio,
kazi yangu hesabu ya kutoa:
tarehe ya kutoka, toa tarehe ya kuingia.
Jibu huwa dogo. La nyonga huwa tano.

Tyyne Karvinen, miaka sabini na minane,
aliingia tarehe kumi na mbili Novemba.
Nyonga ilikaa mahali pake.
Siku ya tatu alishauliza viatu vyake viko wapi.
Jirani angemlisha paka hadi Ijumaa,
hadi Ijumaa tu, samaki wa kopo wanatosha.

Chumba kile kile, kitanda cha dirishani,
Tyyne Karhunen, aliyekosa usingizi.
Muuguzi wa zamu alikuwa na wagonjwa kumi na wanane
na miguu miwili.
Kidonge kilikuwa sahihi. Kipimo kilikuwa sahihi.
Jina lilikaribia kuwa sahihi.
Hakuigeuza bangili ya mkononi aisome.

Saa tisa za usiku Karvinen alitaka msalani.
Sakafu ikamkimbia.

Kifundo cha mkono: siku nane.
Kulala chali, kikohozi, kisha pafu la kushoto:
siku kumi na moja.
Kujifunza upya kusimama bila kuiogopa sakafu:
saba,
na hizo ndizo zilizokuwa ndefu.

Siku hazigandi, watu husema.
Basi na waje wasimame nami ghorofa ya tano
walione ziwa Kallavesi linavyoanza kushika kingoni,
utando, kisha kioo, kisha zege.
Bibi yule aliingia maji yakicheza.
Siku anatoka, vijana walikuwa katikati ya ziwa
wakitoboa barafu kutafuta samaki.

Nilimpigia simu Urho Pöllänen mimi mwenyewe.
Goti lake lilikisubiri kitanda kile,
na hiyo ilikuwa mara ya pili kumwambia bado.
Hakugomba. Nilisikia tu mkongojo
ukirudishwa ukutani, taratibu.
Siku zake za kungoja haziingii kwenye daftari langu;
yeye hajalazwa.

Muuguzi, Henriikka, aliandika taarifa kabla ya kuulizwa,
mwandiko umenyooka
kama wa mtu anayejizuia kulia.
Sasa huzisoma bangili kwa sauti, herufi kwa herufi,
hata ya mzee aliyemfundisha shule.
Wengine humcheka. Mimi huacha kalamu, nikasikiliza.

Kwenye fomu, safu ya siku za ziada
ina kisanduku cha tarakimu mbili.
Nikaandika ishirini na sita. Zikaenea.

Paka, nasikia, amehamia kwa jirani moja kwa moja.
Karvinen humwona dirishani kwa watu,
humwita,
naye hugeuza sikio moja tu.