Upande wa Mkia

Saa kumi na moja alfajiri, na kumepambazuka zamani:
huku Alaska, mwezi Juni, usiku ni kope tu,
hufumba na kufumbua.
Wateja sita wateremka gatini na vikombe vya kahawa.
Mimi nakata chambo tangu saa tisa;
harufu ya ngisi imenizoea, hata ndotoni hainibishii hodi.

Nahodha Feodora hahesabu watu, huhesabu mabuti.
"Bwana Hruska, hiyo ndizi iache nchi kavu."
Mzee akacheka, akidhani ni mzaha.
Hakuna aliyecheka naye.
Ndizi ikabaki juu ya nguzo ya gati,
shakwe wawili wakaijadili.

Duane Hruska amelima mahindi Nebraska miaka arobaini,
na majira yote ya baridi amemsoma halibati,
jitu hilo la ukoo wa gayogayo:
uzito, kina, fundo la kufungia ndoana.
Ananifundisha. Namsikiliza; nalipwa kwa masikio pia.
Mkewe, Verlene, amebeba kamera na sweta la akiba.
"Mimi," asema, "nimekuja kushuhudia."

Saa mbili za mwendo. Milima yenye theluji
yatufuata pembeni kama wadai wasio na haraka.
Kisha nahodha azima injini, na bahari
yaanza kutupepeta.

Chubwi ratili tatu, pima arobaini kwenda chini.
"Akigusa usivute," namwambia kila mmoja.
"Mwache ale. Atajifunga mwenyewe."

Duane ndiye wa kwanza kugeuka kijani.
Elimu yote ya majira ya baridi ikampanda kooni,
akainama ubavuni, akawalisha samaki bila ndoana.
"Shika," nikamwambia Verlene, nikampa ufito wa mumewe,
"dakika moja tu."

Dakika hiyo moja ilikula robo tatu ya saa.

Hakupiga kelele. Alitia kitako cha ufito nyongani,
pale alipobebea, alisema baadaye,
watoto wanne na ndama kadhaa wagonjwa,
akavuta, akashusha, akavuta.
Mshipi ulipotoroka aliuacha utoroke.
"Atarudi," alisema,
kama anayemtaja mtu wa nyumbani.

Akazuka.
Kwanza kivuli, kisha mlango,
mlango mzima wa ghala,
juu rangi ya tope, chini mweupe kama shuka la hospitali,
na macho yote mawili upande mmoja.

Huzaliwa nayo huku na huku, nahodha alitueleza,
kama samaki wengine; kisha jicho moja hufunga safari,
huvuka paji la uso, huhamia kwa mwenzake,
na tangu hapo hulala ubavu, akitazama juu.
"Huhama taratibu?" Verlene akauliza.
"Taratibu."
"Ndivyo inavyokuwa," akasema.
Sikumwuliza nini.

Chusa. Damu. Rungu, mara mbili. Sitalipamba hilo.
Mkia ulipiga sitaha hata daktari wa meno wa Fresno
akapanda juu ya sanduku la barafu.

Gatini tukamning'iniza mahali pa picha,
mrefu kumpita Verlene, na kofia yake.
Duane, rangi imemrudi, akashika kamera,
akapiga, akapiga, akasita.
"Na mimi nisimame naye?"
Mkewe akalipima swali kama anayepima chumvi.
"Simama," akasema. "Upande wa mkia."

Picha hiyo niliipiga mimi.

Kisha kisu: minofu minne, uti kama kitana,
na mashavu, ambayo Verlene
aliuliza kwanza kwa desturi huliwa na nani,
kisha akampa nahodha ampelekee mamaye, Akulina,
yule ambaye jina lake limeandikwa ubavuni mwa boti.

Nikaosha sitaha. Wakaondoka.
Juu ya nguzo ndizi ilikuwapo bado,
imedonolewa kidogo tu.
Nilikuwa na njaa.
Nikageuka kuona kama nahodha anatazama.