Jina Ndani ya Kola

Ghala letu liko nyuma ya stesheni, mjini Hull,
orofa mbili za watu wasiokuwemo.
Wafalme kumi na wanne wamening'inia mstari mmoja
kama mbuzi wa buchani.
Mimi ndiye ninayewafua.

Taji ni bati. Manyoya ya joho ni pamba
iliyodondoshewa wino.
Lakini inusa kwapa:
jasho halikuigizwa.

Doreen, aliyenifundisha kazi, hakuwa msemaji.
Siku moja alinitia pindo la joho mkononi
nipapase vipande vya risasi vilivyoshonewa ndani.
"Ufalme ni huo," akasema. "Huwezi kukimbia nao."
Akaenda kuchemsha chai.

Kwetu jina la kanga huandikwa nje,
jirani alisome, limchome, ajibu kwa doti yake.
Hapa jina hushonwa ndani ya kola:
P. Ollerenshaw, kapigwa mstari.
G. Tasker, kapigwa mstari.
Malkia yuleyule,
kiuno kikipunguzwa, kikiongezwa,
mpaka kitambaa kikachoka na viuno.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Huenda. Ila siku ya kesi yangu ya karatasi
nilivaa koti la kijivu, namba mia mbili na sita,
la katibu muhtasi katika mchezo wa mauaji
(muuaji ndiye yeye, koti halikutoboa siri).

Nilitarajia wigi. Nilitarajia joho jekundu;
nayajua, nimeyapiga pasi miaka sita.
Hakimu akaingia na sweta na mafua.
Chumba kizima kile
mwenye maleba nilikuwa mimi.

Akauliza, nikirudishwa, nitarudi kwa nani.
Mabega ya katibu yalinyooka yenyewe.
Sauti ilitoka, sijui ya nani,
ikataja majina, ikataja tarehe,
na huku chini koti linalowa,
linalowa kweli.

Jumatatu nililirudisha. Nikalifua kwa mkono,
maji ya vuguvugu, sabuni kidogo,
nikakaa nalo dirishani, pini midomoni.
Barua haijaja.
Chini ya H. Prudhoe, chini ya mstari wake,
nikashona kwa uzi mweusi: M. Shekue.

Doreen aliliona alipokuwa akihesabu makoti.
Akageuza kola, akaandika namba daftarini,
akalitundika.