Ukurasa wa Nne

Riyali saba kwa mwezi. Nani angekataa?
Mabela walipanga foleni hadi duka la matairi,
vijana na vitambulisho, wanawake na mikoba,
na mimi mezani, sare bado ina mikunjo ya kiwandani,
nikisema karibu kwa lugha tatu.

Mwaka haujaisha, matawi sita:
Barka, Sohar, Khoud, Nizwa,
na moja Rusayl lililofungwa kabla rangi ya bango haijakauka.
Mashine zilikuja kwa lori kutoka Sharjah,
chumvi ya jasho la wengine ingali kwenye mipini.
Ukutani wakaandika, kila herufi kimo cha mtoto:
HAKUNA KISINGIZIO.

Chini yake ndipo kilipo kiti changu.
Chini yake nasema: mtandao umekatika.
Meneja yuko Sohar. Fundi wa kiyoyozi kesho.
Saa za wanawake zimepunguzwa kwa muda tu, dada —
kwanza hadi alasiri, kisha hadi adhuhuri, kisha pazia.
Shijo, mwalimu wa vyuma, miezi miwili hajalipwa;
hesabu yake ya kuchuchumaa siku hizi haifiki kumi.
Moja, mbili, tatu, halafu anatazama simu.

Anayetaka kujitoa namfungulia ukurasa wa nne:
barua, siku thelathini kabla, kwa mkono, makao makuu.
Makao makuu ni mlango wa kioo kule Ghala,
una kufuli, na bili za umeme zimesukumwa kwa chini.
Khelef kaachishwa kazi tangu Machi.
Benki bado inamkata saba, saba, saba.

Bi Thuwaiba alikuja Julai, na goti lake.
Kazaliwa Wete, kazeekea hapa,
Kiswahili chake hakijui haraka.
Akausoma ukurasa wa nne, miwani puani,
kila neno, na muhuri pia.
"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema,
"na goti hili, mwanangu, halinami.
Basi nikikatwa, nitakaa."

Kesho yake akaja na dele la kahawa.
Kesho kutwa, na mawifi zake wawili.
Leo wako tisa nyuma ya pazia,
juu ya baiskeli zisizokwenda,
vipepeo vya ukindu mkononi, maana fundi bado ni kesho,
tende pale pa kuwekea chupa ya maji.
Wanateta, wanacheka,
wanakanyaga pedali hadithi inaponoga tu.

Meneja kanipigia simu kutoka Sur, nyuma yake makofi,
wanakata utepe wa tawi la saba.
"Watoe hao wazee. Wanaharibu sura ya biashara."
Nikafungua ukurasa wa nne.
Nikausoma polepole, kama nilivyofundishwa.
Hapakuandikwa popote mtu atoke jasho kiasi gani.

"Bosi," nikasema, "mtandao unakatika."