Mtandi na Mtandao

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Masasi.
Kutwa macho yangu yako kwenye mshale:
gunia, kilo, stakabadhi. Gunia, kilo, stakabadhi.
Mkulima akiegemeza mguu ili uzito upande
namwambia kwa upole: Mzee, toa mguu.

Alfajiri nina kazi nyingine.
Kengele ya Mtandi ikilia nimeshaamka,
lakini siendi. Natafuta mwanga.
Biblia naiweka dirishani, upande wa jua,
kitawi cha mkorosho chenye maua pembeni,
kikombe cha chai (mara nyingi ni maji ya moto tu).
Napiga. Nafuta. Napiga tena.
Saa moja kasorobo Neno la Asubuhi liko hewani
na watu elfu sita wanasema Amina
juu ya zaburi ambayo mimi mwenyewe
sijafika mstari wa tatu.

Usinielewe vibaya. Ninaamini.
Yupo aliyeacha pombe, huniandikia kutoka Tunduru.
Mama mmoja wa Nanyumbu huniita mtumishi.
Neno hilo lilinikaa kama kitenge kipya,
nikawa nalivaa hata nikiwa peke yangu.

Mwezi wa saba, hewa nzima ikinuka salfa,
akaniandikia Kanuti Namalowe:
Mtumishi, Hilda wangu kalazwa Mkomaindo,
malaria imempanda kichwani. Niombee.
Nikamtumia mikono miwili iliyoshikana, ile ya njano.
Nikaongeza: Tuko pamoja katika maombi.
Tuko. Wingi.
Kana kwamba chumbani mwangu
palikuwa na mtu wa pili, naye kapiga magoti.
Kisha nikasogeza kidole
nikamkuta mtu anauza viatu.

Mwezi wa kumi amekuja na magunia manne.
Nimempimia. Hakuweka mguu.
Alipomaliza kutia saini akanipa kifurushi cha gazeti:
korosho, kazibangua mwenyewe,
vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda.
"Hilda karudi shule," akasema.
"Anachechemea kidogo, lakini karudi.
Ni maombi yako, mtumishi."

Nikasema Amina.

Watu walipoondoka nikakiweka kifurushi juu ya mizani.
Mshale haukutikisika.
Mizani yetu ni ya magunia, haijui nusu kilo.

Jioni nikapanda Mtandi kwa miguu.
Mawe yalikuwa bado na joto la mchana.
Kanisa limefungwa, nikakaa kwenye ngazi
nikamwombea Hilda, miezi mitatu baada ya kupona.
Sijui sala ya namna hiyo hupokelewa wapi,
kama kuna dirisha la waliochelewa.
Nilichosikia ni sauti yangu mwenyewe, ile ya kazini,
ikiniambia kwa upole: Toa mguu.

Simu ikatetema mfukoni. Niliitoa.
Sitadanganya, niliitazama.
Huko juu mtandao unashika kuliko kwangu.

Ukurasa sijaufunga.
Yule wa Tunduru nimwachie nani?
Asubuhi siku hizi zipo nilizokwenda kengele ilipoita,
na zipo nilizotafuta mwanga.
Korosho zimo kabatini, sijazipiga picha.
Nilionja moja, ilikuwa tamu, haikunisuta,
nikaona afadhali ingekuwa chungu.

Nimenunua daftari, kurasa themanini, jalada la bluu.
Anayeandika niombee, jina lake naliandika humo kwa kalamu,
na mikono ya njano haimfikii
mpaka magoti yangu yaguse sakafu.
Usiku wa kwanza yalikuwa majina kumi na moja.
Usingizi ulinikuta kwenye la nne.