Sweta ya Barbora

Dayodi ya kwanza ilikufa Jumanne,
bila moshi, bila mlio.
Iliendelea kutoa wekundu hafifu
kama kaa lililosahauliwa majivuni,
nikadhani i hai.
Skaistė akainama, akaitazama kwa jicho la pembeni:
"Hii sasa ni taa tu. Leza imeshaondoka."

Ya pili, Alhamisi.
Ya tatu sikuiandika daftarini.

Hapa Vilnius Januari hukausha hewa
hadi midomo ipasuke.
Karakana yetu iko chini ya duka la mwoka mikate,
ina dirisha moja la kuonea viatu vya wapita njia.
Humo tunaunda vidhibiti vya mkondo
vidogo kama stempu ya barua:
kidude cha miguu mitatu, rezista ya omu thelathini,
kapasita moja ya kutuliza papara,
na kifundo cha kuzungushwa kwa bisibisi
polepole, kama unayefungua mlango
wa chumba alicholala mtoto.

Maana dayodi ni mgeni asiyejua kusema nimeshiba.
Ukimwongezea, hupokea; akipokea, hupata joto;
akipata joto, hudai tena,
na kabla hujafumba jicho
kioo cha mdomo wake kimeungua.
Haba na haba, sawa,
lakini kibaba hiki hakijai: hupasuka.

"Usimpe chakula ambacho hujakionja," alisema Skaistė,
akanipa Mwongo:
dayodi tatu za kawaida zimefuatana,
mkiani rezista ya omu moja.
Mwongo hula mahali pa leza.
Kila milivolti juu ya ile omu
ni miliamperi moja iliyopita.
Usiku kumi na mmoja nilimlisha Mwongo,
nikawasha, nikazima, nikachomoa betri ghafla,
nikaichungulia oskiloskopu
nikitafuta mwiba, mruko, hata chunusi ya mkondo.
Mstari ulilala kama shuka lililopigwa pasi.
Thelathini na nane. Thelathini na nane.
Mwongo hakunidanganya hata mara moja.

Basi ni nani muuaji?

Nilibadilisha kapasita. Nikatupa kifundo, nikanunua kingine.
Nikailaumu risasi ya kulehemu, nikamlaumu aliyeniuzia,
nikavua sweta niipishe hasira,
na gizani, juu ya kichwa changu,
ikalia ta-ta-ta,
cheche za buluu, nyingi,
kutoka kola hadi kwapa.

Skaistė alicheka mpaka akakaa chini.

Sufu nene, rangi ya beti,
Barbora, shangazi wa mke wangu, aliisuka miezi mitatu.
Radi tatu nilizibeba mwenyewe mikononi
nikazifikisha mezani kwa adabu zote.

Dayodi ya nne ndiyo ya mwisho kwenye droo.
Nikasimama na shati jembamba,
waya wa ardhi umefungwa kifundoni mwa mkono
kama mbuzi anayesubiri sikukuu,
meno yanagongana.
Ishirini: hakuna.
Ishirini na tisa: ukungu mwekundu.
Thelathini na mbili,
kitone kikajikusanya ukutani, kikakaza,
kikajaa chembechembe zinazochemka bila kusogea.

Juu yetu mwokaji aliburuta gunia.
Unga ukadondoka kwenye nyufa za dari,
na palipokuwa patupu
ukaonekana uzi,
mnyoofu, mwembamba, kutoka meza hadi ukuta.
Mimi nilitetemeka. Wenyewe haukutetemeka.

Skaistė aliandika saa, joto la chumba, 32 mA,
kisha, kwa herufi ndogo: *bila sweta*.

Jioni Barbora akapiga simu.
Inakutosha? Ina joto?
Nikamwambia, Shangazi, ina joto mno.
Bei yake sikumtajia.