Mshazari

Skrubu ya saba haikuonekana.
Ilijificha chini ya karatasi ya betri,
nami kwa pupa nilishavunja kikucha cha plastiki
kabla sijaiwazia.
Rimoti ya michezo ya Kornel ikafunuka kama chaza:
vumbi, makombo ya biskuti za mwaka gani sijui,
na unywele mmoja mfupi, mweusi,
ambao sikujua niuweke wapi.
Nikauweka kwenye kisosi, pamoja na skrubu.

Gari tulikuwa nalo. Jekundu, halina kioo cha mbele.
Kirusha mawimbi chake kilizama kwenye ndoo ya chokaa
siku mama alipopaka rangi ukumbi wa chumbani,
na dukani hawauzi kirushio peke yake:
wanataka ununue gari tena.

Bwana Ksawery wa ghorofa ya pili,
aliyehudumia lifti za mgodi hadi mgodi ulipofungwa,
aliniazima pasi ya kulehemu na maneno haya:
“Usipulize. Risasi haitaki haraka, haitaki huruma.
Gusa, hesabu mbili, ondoka.”
Nikagusa. Nikahesabu tano. Nikaunguza meza.

Kila kijiti kina nyaya tatu:
mmoja wa kuleta umeme, mmoja wa kuurudisha,
na wa katikati, wa kusema ukweli.
Huo wa kati nikauvuta hadi kwenye bodi ndogo,
bodi hadi kwenye redio iliyo sawa na ukucha wa gumba,
na redio nikaipa antena:
waya wa sentimita kumi na saba na nukta tatu,
niliokata mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza
nilipima kwa rula iliyokatika ncha.

Kisha nikauliza namba.
Kijiti kikitulia hutakiwa kusema mia tano kumi na mbili.
Cha kulia kilitii.
Cha kushoto, cha usukani, bila mtu kukigusa,
kilisema mia tano arobaini na tisa.
Nikauliza tena. Arobaini na tisa.
Shahidi asiyebadili maneno.

Ni gumba la Kornel.
Majira manne ya baridi alikata kona za kushoto
kwenye mbio zake za skrini, ulimi nje,
akiilegeza springi kidogo kidogo,
mpaka alipopata kazi ya kuchomelea meli Rotterdam.
Siku hizi hupiga simu sikukuu, akiwa amevaa koti.

Kusahihisha ni mstari mmoja wa programu:
toa thelathini na saba. Nikauandika,
nikaliweka gari mlangoni, nikasukuma kijiti.
Likaserereka kulia, likagonga ukuta.
Tena. Ukuta.

Nilikuwa nimesahau sakafu.
Chini ya Bytom walichimba makaa tangu enzi za babu wa babu,
na nyumba yetu ikafuata makaa yake upande.
Yai hapa hulilazi mezani.
Vitanda vyetu huvaa kadibodi miguu miwili miwili.

Nikafuta mstari.
Gari likatoka mlangoni hadi jikoni
limenyooka kama uzi wa mwashi,
kombo juu ya kombo,
likasimama kwenye ndara za mama.
Bwana Ksawery alipanda na pimamaji yake,
akailaza sakafuni, akatazama kiputo kikikimbia,
akatazama gari.
“Nje litakushinda,” akasema.

Kweli. Kwenye uwanja wa shule, lami tambarare,
lilizunguka kushoto, kushoto, kushoto,
watoto wakicheka, mmoja akiiga kwa mwili mzima.

Basi kitufe cha pembetatu nikakipa kazi:
ukikibonyeza, thelathini na saba zinatoka.
Ni cha mahali palipo sawa.
Kornel akija sitamwambia kipo.

Jana usiku nikafunga ganda.
Unywele nikaurudisha ndani.
Skrubu ya saba imebaki kwenye kisosi.
Nilijaribu kila tundu.